Mabua ya Shamba la Mama Yako

Akai, binti wa dada yangu,

Ejok, hujambo? Najua uko hapo upande wa pili wa ua unakunja nguo, na ningekuita tu ungekuja. Lakini wewe na mimi tunajua kinachotokea nikifungua mdomo. Asubuhi umeniuliza swali moja la maana, nami nikakujibu kwa habari ya mamba wa Kalokol aliyemeza redio, akawa anasoma taarifa ya habari kutoka tumboni. Ulicheka. Halafu ukaendelea kunitazama na kicheko kimeisha. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika kabla sijaikimbia shule, na jua bado liko juu ya paa la jirani, kwa hiyo mistari naiona. Ikipinda, lawama ni ya meza.

Swali lako lilikuwa hili: "Mjomba, nikienda Kalobeyei, mabua ya shamba la mama yatalala chini au yataliwa na mbuzi?" Na ukasema kama sina jibu, hupandi gari kesho.

Habari za maji ya kunywa, chandarua na namba za simu nyanya yako amekwambia mpaka masikio yako yameota sugu. Mimi nayapita hayo. Nataka nishike hilo la mabua tu, kwa sababu nalijua lina nini ndani. Mama yako alipotutoka, hakuacha ng'ombe wala nyumba ya mawe. Aliacha kipande kile kando ya mfereji wa Turkwel. Na kamati ya mfereji imeshatamka kwamba shamba likikauka tena, atapewa mtu mwingine anayeweza kulishika. Wewe ndiye umelishika mpaka leo. Mtama tumevuna, mabua bado yamesimama, nawe kesho unaondoka kwenda kuonyesha akina mama wa Kalobeyei jinsi ya kuyalaza yafunike udongo. Unaogopa ukitoka tu, mimi nitafungua mlango wa ua, mbuzi waingie, udongo ubaki mtupu, na shamba la mama yako liende hivyo.

Una haki ya kuogopa. Unanijua.

Wacha nikukumbushe shamba lilivyokuwa mikononi mwangu, maana ulikuwa mdogo na pengine ulidhani ndivyo dunia ilivyo. Mimi nilikuwa nafagia lile shamba. Sisemi kwa mfano. Nilikuwa nalifagia kwa ufagio. Mbuzi wakishakula mabua, mabaki yote nakusanya nachoma, majivu nazoa, halafu nafagia kuanzia mfereji mpaka kwenye miiba ya ua. Watu wakipita wanasema, "Lopeyok, hapa hata sindano ikianguka inaonekana!" Nilikuwa natembea na maneno hayo mjini Lodwar kama askari anavyotembea na nyota begani. Siku moja ndege ya serikali ilizunguka juu ya shamba letu, rubani akidhani ni uwanja. Nilimpungia aende mbele.

Sasa ona matokeo ya usafi wangu. Ule mchanga ulikuwa unapokea jua bila kitu katikati. Kufikia adhuhuri, kuku wa jirani akipita na kutaga, yai likifika chini limeshaiva, linangoja chumvi. Mjusi alikuwa hawezi kuvuka shamba bila kupumzika mgongoni mwa mjusi mwenzake. Tukipata zamu ya maji tunanywesha, udongo unakunywa, na kabla ya keshokutwa umerudi vumbi kana kwamba haukuwahi kukutana na maji. Nilikuwa nawalaumu watu wa juu ya mfereji kwamba wanatuibia. Niliwaendea mpaka na rungu. Kumbe maji yalikuwa yanafika vizuri kabisa, na mimi ndiye nimewaachia jua na upepo mlango wazi wayachukue.

Na hao mbuzi. Huko uendako utakaa na wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini ambao hawajui desturi yetu, watadhani sisi ni watu wa kuvamia mashamba. Waeleze hivi: kwetu mtu akivuna, nafaka ni yake lakini mabua ni ya mifugo ya ndugu zake. Ndugu anakuja na kundi asubuhi, haombi ruhusa, anasalimia tu, na mbuzi wanaingia. Halafu kiangazi kikikaza, ndugu huyo huyo anakuletea maziwa, na ukiwa na mgonjwa anakuchinjia. Ukimfungia mlango, yeye hasikii kwamba umemnyima majani. Anasikia umemwambia undugu umeisha. Hilo ndilo lililofanya jambo lako kuwa gumu, na ndilo litakalokuwa gumu tena Kalobeyei, kwa sababu mbuzi wa huko pia wana wenyewe.

Unakumbuka nilipokuja kukuchukua Kakuma ulipomaliza kidato cha nne? Ulikuwa unakaa kwa shangazi yako, na jirani yenu alikuwa Mama Furaha, yule Mkongomani mwenye sauti ya kuitia watu wa mtaa wa pili. Nilikuta amemwaga mabua makavu ya mahindi juu ya bustani yake ya mchicha, yamelala ovyo ovyo. Mimi, bingwa wa ufagio, nikamwambia, "Mama, kama umeshindwa kufagia, sema tukusaidie."

Akaweka mikono kiunoni. "Papa wa Lodwar, shamba ni saluni? Yako inasukwa nywele? Udongo yako iko uchi, iko naungua na jua kama mutoto bila nguo. Kuya hapa. Tia mukono."

Nikatia mkono chini ya yale mabua. Kulikuwa baridi, Akai. Baridi ya mtungi. Nikamwambia, ni kwa sababu umemwagia maji sasa hivi.

"Maji gani? Bomba ilikauka toka juma lililopita! Uliza mutoto wako."

Wewe ulikuwa umesimama hapo na sanduku lako, unacheka na mkono mdomoni. Njia nzima ya kurudi niliwaambia abiria kwamba nimemfundisha mama mmoja wa Kakuma kilimo.  Lakini niliona jinsi ulivyokuwa unatazama mashamba nje ya dirisha, na nilijua nyumbani kunakuja vita.

Vita vilikuja na mavuno. Kaka yangu Ewoi alifika na kundi lake kama kila mwaka, fimbo begani, na wewe ukasimama mlangoni.

"Mjomba Ewoi, mbuzi wakale upande wa mto. Upande huu mabua yanalala."

"Yanalala? Yamechoka nini?"

"Yanafunika udongo."

"Udongo una aibu gani ya kufunikwa?" Akawageukia mbuzi kana kwamba anawauliza. "Wewe msichana, mimi nimelisha hapa kabla mama yako hajaota meno. Lopeyok! Sema na mtoto wako."

Nami nikasema nini? Nikaanza kuwaeleza kuhusu upepo wa Lokitaung uliowahi kubeba punda. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimwogopa kaka yangu na nilikuogopa wewe, nikajificha nyuma ya punda. Wewe ndiye uliyebaki mlangoni peke yako mpaka Ewoi akawapeleka mbuzi upande wa mto, wakala nusu, akaondoka bila kuaga. Na kiangazi kile maziwa hayakuja nyumbani kwetu. Nyanya yako alikunywa chai kavu. Hakukulaumu hata siku moja, lakini wewe ulikuwa unaiona ile chai na ulikuwa unaumia. Nilikuwa nakuona.

Halafu mto ukafurika huko juu, mchanga ukaziba mdomo wa mfereji, na zamu yetu ya maji ikachelewa hadi watu wakaanza kuuza majembe. Tulikuwa tumepanda pande zote mbili siku moja, maji yale yale, mbegu ile ile. Upande wa mto, uliokuwa mtupu, mche ulikuwa unatoka, unasimama siku chache, halafu unalala ubavu. Ukiuinua unakuta shingo imeungua pale inapogusana na mchanga. Mchanga tu ndio uliouchoma. Upande wako, mche ulitokea katikati ya mabua yaliyolazwa na ukaendelea na safari yake.

Ulinishika mkono ukaniambia nichimbe kwa vidole. Upande mtupu nilichimba vumbi mpaka kiwiko, na juu kulikuwa moto nikapuliza vidole. Upande wako nikatoa donge. Nikalibana, likabaki na alama za vidole vyangu. Ukaniambia, "Ona mjomba, hatukuongeza hata tone. Tumezuia yasitoke, basi." Ukanipeleka tena alfajiri, ukaniambia nipapase. Upande mtupu ule uliokuwa moto mchana ulikuwa umepoa kama mtu aliyelala bila shuka. Wako ulikuwa vile vile tu, mtulivu. Mizizi haipendi kushtuliwa, ulisema. Sijui ulilipata wapi, ila tangu siku hiyo mimi nalisema kama ni langu.

Lile donge nilitembea nalo Lodwar mfukoni. Stendi, sokoni, kwenye vibanda vya samaki, kila mtu nilimbanisha. Wengine walidhani nauza dawa. Niliwaambia ni udongo wa shamba la mpwa wangu, umekaa bila maji tangu zamani, na bado unabanika. Kadiri nilivyosimulia, siku za bila maji ziliongezeka, nikafika mwaka. Lakini hilo la kwanza, donge lenyewe, lilikuwa kweli tupu, na sikuwa nimewahi kuwa na kitu cha kweli cha kujivunia ambacho hakikuhitaji kuongezwa. Sikujua utamu wake.

Kwa sababu ya utamu huo nikaharibu. Msimu uliofuata ulikwenda Kakuma kwa mafunzo, nikasema huyu mtoto akirudi atakuta mjomba amempita. Kama shuka moja ni nzuri, godoro litakuwaje? Nikakusanya mabua ya shamba letu, nikaomba na ya majirani, nikarundika mpaka magotini. Na nilirundika kabla ya zamu ya maji, kwa haraka ya sifa. Mvua ikanyesha ile ya kwetu, ya kupangusa vumbi. Mabua yote yakainywa yenyewe juu juu, asubuhi jua likaidai, na chini hakikufika kitu. Nilipofunua nilikuta unga mkavu. Nilikuwa nimefunika kiu, Akai, nikaitandika vizuri isipate usumbufu. Mbegu zilizojaribu kutoka zilipotea njia humo ndani. Mchwa wakaitana, nadhani wengine walitoka hadi Kataboi kwa miguu. Na nge aliyeniuma humo alikuwa mkubwa kiasi kwamba mwanzo nilidhani ni mtu wa kamati.

Ulirudi ukakuta. Nilikuwa nimejiandaa unicheke. Hukucheka. Ulianza kupunguza mabua, ukiyageuza kwa mti kwanza ili nge watoke, na jioni ukasema, "Mjomba, maji kwanza, shuka baadaye. Na iwe shuka, isiwe godoro. Udongo uonekane kidogo kidogo katikati, kama kichwa cha mtu kwenye nywele chache." Ukanitazama kichwani. Nikajua umenisamehe.

Ndiyo haya nataka uende nayo, na utaona ni yako yote, nakurudishia tu. Mabua hayaleti maji, yanalinda yaliyokuja. Mtu akikuambia amefunika shamba na halikuota, usimwambie ni mjinga, muulize alifunika nini. Upepo wa Kalobeyei ni mbaya kuliko wetu, kwa hiyo laza mabua yakiukinga kwa ubavu na uyakandamize kwa matawi ya miiba ya mathenge, la sivyo utafunika shamba la jirani. Na kina mama wale wakikuonyesha shamba lililofagiwa likang'aa, usicheke kama nilivyomcheka Mama Furaha. Mtu akifagia, ametaka kupendeza. Anza na hapo.

La mwisho ni la mbuzi, na hilo siwezi kukupa ushauri wa kuokota. Wewe ulisimama mlangoni peke yako kwa sababu mtu mzima aliyepaswa kusimama nawe alikuwa anasimulia habari ya punda. Basi nikuambie kilichotokea leo mchana ulipokuwa sokoni.

Ewoi amekuja. Na kundi lote. Tangu mwaka ule anakuja upande wa mto tu, lakini leo amekuja moja kwa moja mpaka mlango wa upande wako.

"Nasikia msichana anaenda," akasema. "Fungua yote."

Nikaanza, "Unajua kaka, kule Kalokol kulikuwa na mamba..."

"Huyo wa redio nimeshamsikia. Fungua."

Mbuzi walikuwa wananisukuma magotini. Nikatafuta hadithi nyingine, Akai, nakuapia nilitafuta, na kichwa kilikuwa kitupu kama shamba langu la zamani. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana."

"Hapana gani?"

"Hapana tu."

Akanitazama kama anatafuta ni nani amesema. "Tangu lini wewe una neno fupi?"

Nikamwambia majani ya mtama bado yana ubichi. Nitayachuma kwa mkono, shina kwa shina, niyafunge, niyabebe mgongoni mpaka bomani kwake, mzigo baada ya mzigo. Mbuzi wayale huko. Mashina yabaki yalale. Nikamwambia mbuzi wake wana haki na mimi siikatai, ila kwato na meno yao yakiingia humu yataacha ardhi tupu, na ardhi tupu ndiyo kamati inayoingoja ili wampe mtu mwingine shamba la dada yetu.

"Wewe ubebe?" akasema. "Wewe unayechoka kwa kubeba kofia?"

"Mimi."

Tulipokuwa tunabishana, mbuzi mmoja jike mzee alikuwa amepenya chini ya miiba. Tulimkuta amelala juu ya yale mabua ya mwaka jana yaliyobaki kando, tumbo chini, macho yamefumba. Majani mabichi yalikuwa karibu na pua yake na hakuwa anayagusa. Ewoi akavua kiatu chake cha tairi, akatia mguu pale karibu naye, chini ya mabua. Akakaa hivyo muda. Kisha akautoa, akautia kwenye mchanga wa njia, akaurudisha upesi.

Usidhani alisema maneno mazuri. Alisema, "Majani yaje mabichi. Siku utakayoniletea makavu, nafungua mwenyewe." Akampiga yule mbuzi kofi la mgongoni wakaondoka. Alipofika mbali kidogo akageuka akauliza gari lako linatoka saa ngapi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ana shughuli stendi kesho asubuhi. Ewoi hajawahi kuwa na shughuli stendi tangu azaliwe. Ukimwona amesimama kando anatazama matairi ya magari, mwendee, umsalimie vizuri.

Mzigo wa kwanza nimeshaupeleka. Shingo inaniwasha ninavyoandika na bega limeteguka, au karibu. Mashina ya sehemu ile nimeyalaza mwenyewe, nikayakinga na upepo, nikaacha udongo uonekane kidogo. Zamu ya maji ikija nitanywesha kwanza. Nenda ukatazame ukimaliza kukunja nguo, na ukiona mahali nimezidisha, punguza bila kuniambia.

Kwa hiyo jibu ni hili: yatalala. Panda gari, mwanangu. Na huko wakikuuliza nani analishika shamba la mama yako Lodwar, taja jina langu. Usiongeze kitu. Safari hii jina tu linatosha.

Mjomba wako,
Lopeyok